Bolti ya Sita

Watu wengi huitaja methali ya mvungu wakimcheka mtu aliyejishusha, kana kwamba kuinama ni aibu ya wanyonge peke yao. Sivyo. Kilichoingia chini ya kitanda hakitapanda chenyewe kikufuate mkononi, uwe nani au uwe nani. Wakubwa wa ofisini hawalijui jambo hili, kwa sababu wao wana watu wa kuinama badala yao. Theuri wa Gatitu alilijua akiwa na miaka hamsini na sita, naye alifundishwa na bolti moja.

Theuri huyo alikuwa mrefu, na mgongo wake ulinyooka tangu ujana, hata watu wa Gatitu, nje kidogo ya mji wa Nyeri, wakamwita Mlingoti. Hakuvua kofia mbele ya chifu. Akiitwa barazani alisimama nyuma kabisa, mikono kifuani, akasikiliza ahadi kama mtu anayesikiliza mvua ya shamba la mwingine. Tangu afiwe na mkewe Wachuka, hata salamu zake zilikuwa fupi.

Jumanne moja ya Julai, mwaka wa 1974, ukungu ukiwa umeilalia mibuni hata haionekani, barua ilimfikia kutoka Kagio. Ilikuwa ya binti yake wa pekee, Warigia.

"Baba," ilisema, "nimejifungua msichana mwingine. Wa kwanza alikuwa wa mama mkwe, huyu ni wetu. Anaitwa Wachuka. Akilala anakunja ngumi chini ya kidevu, vile Mama alikuwa akifanya. Sasa mume wangu mwalimu amehamishwa na wakubwa wake mpaka Lodwar, na Jumatatu tunaondoka sote. Sijui tutarudi lini. Nilikuwa nataka mtoto alale nyumbani kwa Mama hata kama ni usiku mmoja. Kifua chake ni chepesi, basi na hii baridi siwezi kumpandisha matatu. Kuja Jumamosi na ile Pijo utuchukue, uturudishe Jumapili."

Theuri aliisoma mara tatu, akifuata maneno kwa kidole. Kwetu msichana wa pili hupewa jina la mama wa mamaye, na jina likirudi, mwenyewe amerudi. Babu humwita mtoto huyo "mke wangu", na hakuna anayecheka. Theuri aliikunja barua, akaitia mfuko wa shati, akatoka kwenda kuliangalia lile gari.

Pijo lilikuwa bandani, limefunikwa magunia. Halikuwa limewashwa kwa miaka minne. Kuku walilifanya lao, na kwenye kiti cha mbele, upande wa abiria, mmoja alikuwa ameatamia mayai. Theuri alimwondoa polepole. Kile kilikuwa kiti cha Wachuka.

Gari lile walilinunua kwa kahawa ya miaka saba, na siku za kulitengeneza Wachuka hakukaa jikoni. Alikuja na debe, akaligeuza, akalikalia. Bolti zote zilizofunguliwa alizipokea kwenye aproni yake, akazipanga. Wakati wa kuzirudisha alikuwa na kopo la mafuta ya mkia wa kondoo. Kila bolti aliipaka kwanza kwa kidole, ndipo akampa mumewe.

"Mama Warigia, hiyo ni bolti, si mtoto," Theuri alimwambia.

"Bolti ni kama bibi arusi," alijibu. "Haiendi kwa wenyewe bila kupakwa mafuta. Ukiitaka tena siku nyingine, itakuja kwa hiari yake."

Naye alicheka, kwa sababu alikuwa mwanamke wa kucheka. Alikuwa na hamu moja tu na gari hilo: siku moja apelekwe Kagio, akae mbele, ashukie mlangoni pa binti yake watu wakimwona. Theuri aliahidi. Kila Jumamosi alisema Jumamosi ijayo.

Kisha ikaja asubuhi ile. Wachuka alishikwa na tumbo kabla jua halijachomoza. Daraja jipya la mto Kariki, kati ya kwao na hospitali, lilikuwa limekwisha. Zege lilikuwa limekauka, na mbuzi walikuwa wakiota jua juu yake. Lakini toka nguzo hadi nguzo ulifungwa utepe mwekundu, kwa maana mkubwa mmoja alitarajiwa kuja kuukata siku ya Ijumaa, na siku hiyo ilikuwa Jumatano. Mbele ya utepe alisimama kijana wa kazi ya barabara, Mkamba aitwaye Mbuvi, koleo mkononi.

"Mgonjwa!" Theuri alimpigia kelele. "Ondoa kitambaa hicho!"

"Mzee, niko na amri," Mbuvi alisema, akimtazama mama aliyejikunja kitini. "Gurudumu lolote lisipite kabla ya mkubwa. Zunguka barabara ya zamani, tafadhali."

Barabara ya zamani ilikuwa maili kumi na moja za matope. Kwenye kilima cha mwisho injini ilichemka, bolti moja ya pampu ya maji ikaanguka, na Theuri akaziba tundu kwa sabuni na kitambaa. Walipofika hospitalini, Wachuka alikuwa amenyamaza. Ijumaa utepe ulikatwa, watu wakapiga makofi, soda zikanywewa. Theuri alikuwa akifukia kaburi.

Tangu siku hiyo hakukanyaga daraja lile. Akienda mjini aliteremka mtoni, akavuka kwa kuruka mawe kama mtoto, suruali imekunjwa hadi magotini, na watu wakampita juu darajani wakicheka. Daraja lilikuwa lao na wakubwa wao.

Basi Jumatano, kesho yake baada ya barua, alianza kazi. Betri aliazima. Injini ilikohoa, ikakataa, ikakohoa tena, kisha ikanguruma hata machozi yakamlenga. Lakini alipotia maji, yalitiririka chini ya pampu. Gasketi yake, ile karatasi ya kuzuia maji yasivuje, ilikuwa imekauka na kupasuka. Akakata nyingine kwa karatasi nene, akachukua spana kufungua bolti sita zinazoshika pampu.

Ya kwanza ilikubali. Ya pili, ya tatu, ya nne na ya tano zilikuja kama ng'ombe wanaojua njia ya nyumbani. Ya sita iligoma. Theuri aliivuta, haikutikisika. Akaleta kipande cha bomba, akakivika mpini wa spana ili apate nguvu zaidi, akaegemea kwa uzito wake wote.

Tak!

Kichwa cha bolti kilianguka chini kikaviringika hadi miguuni pa kuku. Ndani ya injini kilibaki kisiki kilichochomoza kidogo tu, kama jino la kikongwe. Theuri alisimama na spana mkononi, akahisi kama amevunja mfupa wa mtu.

Dada yake Wakonyo alimkuta hapo, naye alikuwa mwanamke ambaye ulimi wake haukuwahi kukaa bila kazi.

"Ni nini, ndugu yangu? Umekuwa kama mtu ameambiwa kahawa imeshuka bei."

"Imekatika. Ni kosa la baraza la mji. Tangu watuletee maji ya mfereji yenye dawa, kila chuma kinaliwa na kutu."

"Ati baraza?" Wakonyo aliokota lile bomba, akalipima mkononi. "Na baraza ndilo lilivika spana hili bomba?"

Theuri aliokota kichwa cha bolti miguuni pa kuku.

"Sikiza, Baba Warigia. Hiyo usiigonge. Mimi najua mtu mmoja tu hapa Nyeri anaweza kuitoa bila kuharibu. Ndiye alichomelea lango la kanisa letu, hata mshono hauonekani. Lakini nikimtaja utanitupia hiyo spana."

"Usimtaje."

"Ni Mbuvi. Siku hizi yuko kwa yadi ya barabara."

"Nimesema usimtaje! Afadhali nitembee mpaka Kagio kwa miguu."

"Tembea," alisema Wakonyo, akijifunga leso. "Umbebe mtoto mgongoni na mvua. Wachuka alizungushwa kwa sababu ya kiburi cha wakubwa. Huyu mdogo atakosa kuja kwa sababu ya kiburi cha nani?"

Alhamisi mvua ilinyesha tangu alfajiri, na mto Kariki ukafunika mawe yote. Theuri alisimama ukingoni muda mrefu, maji ya kahawia yakipita mbele yake na matawi. Mwishowe alipanda darajani. Alilivuka upesi, macho mbele, kama mtu anayepita penye jeneza.

Yadini alielekezwa penye greda kubwa la manjano. Mbuvi alikuwa amelala chali chini yake, akionekana miguu tu.

"Wewe ndiye Mbuvi?" Theuri aliviuliza viatu.

"Ndiye."

"Toka nikuone."

"Siwezi, mzee. Nimeshikilia kifuniko kwa mkono, nikiachilia mafuta yote yatanimwagikia machoni. Inama tu, useme."

Theuri alihisi damu ikimpanda usoni. Kumwinamia mtu yule, mbele ya wafanyakazi wa serikali! Aligeuka akaenda zake, akafika hadi langoni. Hapo mkono wake uligusa mfuko wa shati, na barua ikalia kwa ndani. Anakunja ngumi chini ya kidevu. Theuri alikuwa amelala kando ya ngumi hizo miaka ishirini na mitano, na kwa minne sasa alikuwa akiamka kuzitafuta gizani, mkono wake ukipapasa blanketi baridi.

Alirudi. Akainama, mgongo ukalia kama ukuni mkavu, akaweka goti moja matopeni. Chini ya greda aliuona uso wa mtu ambaye hakuwa tena kijana.

"Mimi ni Theuri wa Gatitu."

"Najua," Mbuvi alisema polepole. "Nilijua sauti tangu ulipouliza."

Tone la mafuta lilimwangukia Mbuvi shavuni, asilifute.

"Nimevunja bolti ya pampu ya maji," Theuri alisema.

"Imekatikia ndani ama imebakisha kitu nje?"

"Imebakisha kama ukucha."

"Umeigonga?"

"Bado."

"Usiguse. Chuma ya injini yako ni laini, utapasua kila kitu. Inataka kuchomelewa nati juu ya hicho kisiki, halafu nati ishikwe na spana, itolewe pole pole. Lakini mashine ya gesi hairuhusiwi kutoka hapa. Tazama ukutani."

Theuri alitazama. Iliandikwa kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kama za kaburi: MALI YA SERIKALI HAITOKI. SHARTI.

"Tena ni amri," alisema, na sauti yake ilikuwa na miaka minne ndani.

Mbuvi alibadilisha mkono kwenye kifuniko. Kisha akauliza, "Gari unaitaka ya nini?"

"Kumleta Wachuka nyumbani." Theuri alijikaza. "Mjukuu wangu. Ana wiki tatu. Jumatatu wanampeleka Lodwar."

Mafuta yalidondoka tena. "Kesho saa saba," Mbuvi alisema, "mkubwa wa yadi huenda kula, na huyo akienda kula harudi kabla ya saa tisa. Ningoje."

Ijumaa saa saba na nusu alifika Gatitu akisukuma mkokoteni wa kabeji, jasho likimtiririka katika baridi ile. Chini ya kabeji kulikuwa na magunia, na chini ya magunia mitungi miwili ya gesi.

"Nikiulizwa, mimi ni mchuuzi," alisema, miwani nyeusi ikining'inia shingoni.

"Mchuuzi wa miwani nyeusi," alisema Wakonyo. "Hata mama kipofu wa kanisani hatanunua kwako."

Mbuvi alivaa ile miwani yake ya kuchomelea. Aliweka nati juu ya kisiki, akaelekeza moto mwembamba wa buluu katikati yake, akatia chuma kilichoyeyuka hadi nati na kisiki vikawa kitu kimoja. Alipozima moto alisema haraka, "Uko na mafuta ya mnyama? Ya injini yataungua. Ya kondoo ndiyo mazuri. Leta kabla ipoe!"

Theuri alisimama kama aliyepigwa. Alijua yalipo.

Aliingia chumbani. Kitanda kilikuwa kile kile, na yeye alilala ukingoni, upande wake. Chini ya upande wa Wachuka hakuwa amefagia wala kutazama tangu mazishi. Sasa alilala kifudifudi sakafuni, Mlingoti mzima, akaingiza kichwa na mabega mvunguni. Vumbi lilimwingia puani. Mkono wake uligusa viatu vya kanisani. Ukagusa kiondo ambacho hakikumalizwa, sindano bado imechomekwa. Nyuma kabisa, ukutani, uligusa kopo.

Aliufungua mfuniko papo hapo alipolala. Mafuta yalikuwa yamegeuka manjano. Katikati yalikuwa na kishimo, kidogo, kilichochotwa na kidole cha mwanamke mara ya mwisho.

"Mzee!" Mbuvi aliita nje. "Inapoa!"

Theuri alitoka mbio, utando wa buibui kichwani. Alichota mafuta pembeni mwa kopo, si katikati. Alipoyagusisha kwenye chuma cha moto yalichirizika, moshi ukapanda, na banda lote likanukia siku za zamani. Wakonyo aligeuza uso.

Mbuvi alishika spana kwa vidole vitatu tu. "Usiilazimishe," alisema, kama anayejisemea. "Unaipeleka mbele kidogo, unairudisha. Inameza mafuta. Tena mbele, tena nyuma." Spana ilicheza unywele mmoja. Ikacheza robo. Ikazunguka. Kisiki cha bolti ya sita kilitoka kizima pamoja na nati yake, kikaanguka kwenye kiganja cha Mbuvi.

Alikitazama muda mrefu, kisha akaokota zile tano, akazipanga juu ya debe. Meno ya zile tano yaling'aa kwa mafuta. Ya ile ya sita, chini ya mafuta yale mapya, yalikuwa mekundu kwa kutu, yamelala upande mmoja.

"Hizi nani alizifunga?"

"Mimi. Mke wangu akizipaka."

"Na hii?"

Theuri aliiangalia ile bolti, na siku ikamrudia. Alikuwa ametoka makaburini. Alichukua bolti mpya ya kuziba lile tundu la sabuni, akaikaza kwa hasira hadi ngozi ya kiganja ikachubuka, akimkaza mkubwa wa utepe, akimkaza chifu, akimkaza kila mwenye kiti. Debe lilikuwa wazi, hakuna mtu amelikalia. Nani angempa mafuta?

"Hii ni mimi," alisema. "Peke yangu."

"Si maji ya mfereji, mzee. Ilifungwa kavu." Mbuvi alivua miwani. Hakumtazama Theuri, alizitazama bolti. "Ule utepe ulikuwa kitambaa tu. Na kisu nilikuwa nacho mfukoni. Nilikuwa na wiki mbili kazini, nikaogopa. Kila nikipita pale naukata. Kila siku naukata."

Kuku alirudi akajaribu kuingia garini. Theuri alifikiria mkubwa wa Ijumaa ile, ambaye hakujua, hatajua, na hajawahi kukosa usingizi, hali watu wawili waliokuwa pande mbili za utepe wake walikuwa wamezeeka kwa ajili yake. Hakumsamehe huyo. Hajamsamehe hadi leo, na hapana wa kumlaumu. Lakini alizitoa bolti juu ya lile debe, akamwashiria Mbuvi akae. Akamnyooshea kopo, pamoja na bolti mpya ya mahali pa ile ya sita.

"Chovya," alisema. "Moja moja. Mimi nafunga."

Mkokoteni ulirudi yadini saa tisa kasoro. Wiki iliyofuata Mbuvi alipewa barua ya onyo, kwa sababu kabeji moja ilikutwa nyuma ya mitungi, na mkubwa wa yadi, ambaye hakuwahi kuona daraja lolote likibomoka, aliiona kabeji. Mbuvi aliisoma, akacheka, akailalia chini ya greda.

Jumamosi Theuri alivuka daraja la Kariki kwa gari, polepole, kiti cha abiria kimefagiwa na kutandikwa blanketi. Alipita Karatina, akateremka Sagana, ukungu ukabaki nyuma, na joto la Kagio likampokea na harufu ya nyanya na vitunguu vya sokoni. Watu walimwona akishuka mlangoni pa binti yake. Kiti cha mbele kilikuwa kitupu, naye hakuona haya kukitazama.

"Mtoto yuko jikoni kwa mama mkwe, karibu na moto," Warigia alisema akimfuta vumbi begani. "Lakini Baba, huo mlango ni mfupi. Inama."

Alivua kofia. Akainama, akapita, akaenda hivyo hivyo ameinama chini ya dari iliyojaa moshi hadi penye kitanda cha chini, akapiga magoti. Ngumi mbili zilikuwa chini ya kidevu.

"Mke wangu," alinong'ona, "nimechelewa. Gari liko nje."

Alipougusa mkono ule, ulifunguka, ukakishika kidole chake ambacho bado kilinukia mafuta ya kondoo, na haukukiachilia. Theuri hakunyooka mpaka chai ikapoa. Na wale wa Gatitu waliosema kwamba Mlingoti ameanguka hawakujua walichokuwa wakikisema, kwani mtaka cha mvunguni sharti ainame.